Kamati ya ofisini, mratibu wa nje au kifurushi cha hoteli: ipi itakubakizia muda?

Tuchukue kazi moja inayofahamika. Kampuni ya Dar es Salaam inataka mkutano wa mwaka wa wafanyakazi mchana, kisha chakula cha jioni chenye tuzo na muziki, siku ya Ijumaa mwanzoni mwa Desemba. Watu ni 240, wakiwemo wanaotoka matawi ya Mwanza, Arusha na Mbeya. Mgeni rasmi anatarajiwa. Kazi yote anakabidhiwa mtu mmoja wa utawala au rasilimali watu, na majukumu yake ya kila siku hayapungui hata kidogo.

Mtu huyo ana njia tatu. Anaweza kuunda kamati ya ofisini na kufanya kila kitu wenyewe. Anaweza kukodi mratibu wa matukio. Au anaweza kwenda hotelini, achukue kifurushi cha bei kwa kila kichwa, hoteli ibebe sehemu kubwa. Wengi huchagua kwa kuangalia bei pekee, halafu Novemba ikifika wanagundua kwamba kilichowaishia ni siku, na fedha bado zipo benki zikisubiri saini.

Kazi zenyewe ni fupi. Kumpigia mpambaji na kumweleza unachotaka ni dakika 15. Barua ya mgeni rasmi ni saa moja. Kuchagua vyakula ni nusu saa. Zinazomaliza wiki ni nafasi za katikati: profoma (ankara ya awali yenye bei) ya tatu haijaja, mkurugenzi wa fedha yuko safarini, mkuu wa idara hajatuma majina ya watu wake, ofisi ya mgeni rasmi "bado inaangalia ratiba". Kwa hiyo hapa tunalinganisha njia hizi tatu kwa swali moja: katika kila njia, nani anamsubiri nani, na kwa siku ngapi?

Anza na tarehe ya tukio, rudi nyuma

Njia yoyote utakayochagua, kuna milango ambayo haifunguki kwa kubembeleza. Iandike kabla ya kufanya uamuzi, ukianzia siku ya tukio na kurudi nyuma hadi leo. Anayeanza na leo na kwenda mbele huwa anajipa wiki mbili za kila kazi, halafu anakuta tarehe zake za mwisho zote zimerundikana kwenye wiki moja.

Kwa mfano wetu hesabu inakwenda hivi. Jiko linataka idadi ya mwisho ya sahani kati ya siku 3 na 7 za kazi kabla. Baada ya hapo unalipia hata asiyekuja. Fulana na vitambulisho vya shingoni viwe mkononi siku 10 kabla, maana saizi zitakosewa na majina yatakosewa, na lazima pabaki muda wa kurekebisha. Mchapaji wa fulana 240 zenye nembo anahitaji siku 7 hadi 10 za kazi tangu alipopokea malipo ya awali, kwa hiyo saizi za watu wote ziwe zimekusanywa wiki 5 kabla. Barua ya mgeni rasmi iende wiki 6 kabla. Mialiko kwa watu wa matawi itoke mapema kiasi hicho hicho, kwa sababu tiketi za ndege za Desemba hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na wa basi naye lazima apangiwe siku ya kusafiri na siku ya kupumzika.

Ukumbi ndio wa kwanza. Ijumaa na Jumamosi za Desemba zinagombewa na harusi, send-off, mahafali na hafla za kampuni nyingine zote zenye wazo kama lako. Kumbi zinazobeba watu mia mbili na zaidi kwa meza za duara, kama Mlimani City, Diamond Jubilee au za hoteli kubwa za Posta na Masaki, ziulizie miezi mitatu kabla, na ukipenda tarehe fulani hasa, minne. Angalia pia kalenda: tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, na ikiangukia karibu na wikendi nusu ya wafanyakazi watakuwa wameshapanga safari.

Kama mkutano wako ni ule mkuu wa mwaka wa wanahisa, kuna mlango mwingine ambao hauna mjadala. Sheria ya Makampuni ya Tanzania inataka taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 21. Hapo tarehe ya kutuma taarifa inaongoza kila kitu, na ukumbi lazima uwe umethibitishwa kabla yake kwa kuwa mahali pa mkutano panatajwa ndani ya taarifa.

Sasa zile njia tatu.

Kamati ya ofisini

Uzuri wake ni mkubwa na hausemwi vya kutosha: kamati inawajua watu. Inajua nani hali nyama ya ng'ombe, nani ni mjamzito na hawezi kukaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki, idara gani hazisikilizani na zisiwekwe meza moja. Inajua pia ni hotuba ya nani itakayozidi muda. Maarifa hayo mratibu wa nje anayapata kwa kuuliza, na mara nyingi hayaulizi.

Gharama yake ni vikao. Kamati ya watu 7, kikao kimoja kwa wiki cha saa moja na nusu, kwa wiki 10, ni saa 105 za kazi, na bado hajapigiwa simu mtoa huduma hata mmoja. Hizo ni zaidi ya wiki mbili na nusu za mtu mmoja anayefanya kazi saa 40. Wajumbe wakiwa 12, kama ofisi nyingi zinavyopenda ili "kila idara iwakilishwe", vikao peke yake vinafika saa 180.

Kinachoichelewesha kamati zaidi ni malipo. Hesabu watoa huduma wa mfano wetu: ukumbi, chakula, mapambo, vyombo vya muziki na taa, jukwaa, mshereheshaji, mpiga picha, fulana, tuzo, usafiri. Ni 10. Kila mmoja ana profoma, hati ya kuagiza, malipo ya awali, salio na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hiyo ni karatasi 50 zinazopita kwa mhasibu mmoja ambaye Novemba na Desemba anafunga mwaka. Na kama utaratibu wa kampuni unataka profoma tatu kwa kila huduma, karatasi zinaongezeka kwa 20 kabla hujachagua mtu.

Hapo pana ugomvi mmoja unaojirudia kila mwaka, nao huzuilika kwa sentensi moja. Kampuni inapolipa huduma inakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mpambaji mdogo hakuambiwa, kaweka bei yake kamili, na siku mbili kabla ya hafla anaona advansi imepungua. Anasitisha kazi hadi aongee na bosi. Andika kwenye maombi ya profoma, tangu mwanzo: malipo yatakatwa kodi ya zuio, risiti ya EFD ni lazima. Asiyeweza kutoa risiti ajitoe wiki ya kwanza, asikutoe wewe wiki ya mwisho.

Kamati inafanya kazi vizuri ikiwa na watu 5 tu, kila mmoja na eneo lake: ukumbi na chakula; jukwaa, sauti na picha; wageni na usafiri; ratiba na mgeni rasmi; fedha. Yule wa fedha atoke idara ya fedha hasa, na mwenyekiti awe na kiwango cha matumizi anachoweza kuidhinisha bila kupanda ngazi. Kamati ambayo haiwezi kuidhinisha hata malipo ya maua inakuwa ya kupeleka ujumbe, na kila ujumbe ni siku tatu.

Mratibu wa nje

Mratibu mzuri anauza vitu viwili: orodha ya watoa huduma anaowajua kwa kazi zao, na malipo yaliyofungwa pamoja. Badala ya karatasi 50, mhasibu anaona mkataba mmoja, malipo ya awali na salio. Yeye ndiye anayewalipa wapambaji na wenye vyombo, na akiwa na mtaji anaweza kuwatanguliza kazini kabla fedha yako haijatoka. Kwa kampuni yenye idara ya fedha nzito, hilo peke yake linaokoa wiki tatu.

Ada yake huwa kiasi cha jumla, au asilimia ya bajeti, mara nyingi kati ya 10 na 20. Uliza pia kama anaongeza chochote juu ya bei za watoa huduma. Wengine wanachukua ada na faida kwa pamoja. Si dhambi, ila ijulikane kabla ya kusaini.

Muda unaopotea hapa uko mwanzoni, kabla hajaanza. Kumtafuta, kupokea mapendekezo matatu, kuyalinganisha, kikao cha tathmini, mkataba kupita kwa mwanasheria, saini: katika kampuni yenye taratibu za manunuzi, hiyo ni wiki 3 hadi 4. Taasisi ya umma Tanzania inapitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na hapo hesabu yako ianze na kalenda ya kitengo cha manunuzi. Ndiyo maana kukimbilia mratibu wiki 5 kabla "atuokoe" hakusaidii kama unavyofikiri. Atakapopata mkataba zimebaki wiki moja na nusu, na watoa huduma wake wazuri wana kazi nyingine tarehe hiyo.

Halafu kuna kusubiri kunakotoka upande wako. Mratibu anatuma michoro mitatu ya jukwaa Jumatatu na anahitaji jibu Jumatano. Mchoro unazunguka kwa wakurugenzi watano, kila mmoja ana rangi yake. Jibu linatoka Jumatatu ya pili. Siku tano za kazi zimekwenda kwa jambo la dakika kumi, na zimekwenda kwako. Mratibu anahitaji mtu mmoja wa kampuni mwenye neno la mwisho. Kama bosi hataki kumtaja mtu huyo kwa jina ndani ya mkataba, usikodi mratibu. Utalipa ada na bado utafanya kazi ya kamati.

Ndani ya mkataba weka tarehe ya kila kitu atakachokukabidhi: rasimu ya kwanza ya ratiba wiki 4 kabla, mpango wa meza wiki 2 kabla, majina na simu za mafundi wote siku 5 kabla. "Atashughulikia kila kitu" siyo kipengele cha mkataba.

Kifurushi cha hoteli

Hapa unalipa kwa kila kichwa, na ndani ya bei mnapata ukumbi, chai ya saa nne au ya saa kumi, mlo, maji mezani, projekta, kipaza sauti kimoja au viwili, viti na meza. Kwa mkutano wa mchana, hakuna njia ya haraka kuliko hii. Ukikuta tarehe iko wazi, ndani ya wiki moja unaweza kuwa na mkataba.

Angalia mambo ambayo hayamo. Jukwaa la tuzo, taa za kupendezesha, bendi au DJ, mapambo zaidi ya vitambaa vya meza, mpiga picha, fulana, usafiri, mgeni rasmi, vyote vinabaki kwako. Vile vile hoteli nyingi zinatoza au kuzuia watoa huduma wa nje. Wengine wanakutaka utumie mwenye vyombo wao. Uliza siku ya kwanza, kwa sababu jibu hilo linaweza kukuondolea mtoa huduma uliyekwisha kumlipa advansi.

Kuna pia idadi ya chini unayohakikisha. Ukisaini watu 240 na kiwango cha chini kikawa asilimia 90, utalipia 216 hata wakija 190. Kwa hafla za Desemba, ambako wengine wameanza likizo, saini idadi ya chini kuliko unayotarajia, ukipata kwa maandishi nafasi ya kuongeza hadi wiki moja kabla. Kuongeza sahani ni rahisi kwa jiko kubwa. Kupunguza ndiko kunakogoma.

Msimamizi wa hafla wa hoteli ana hafla nyingine nne wiki hiyo hiyo. Anajibu barua pepe vizuri, lakini hatakukumbusha chochote.

Ubavu kwa ubavu

Saa zilizo hapa chini ni makadirio ya mfano wetu wa watu 240, zikijumlisha muda wa wafanyakazi wote wa kampuni wanaohusika.

| | Kamati | Mratibu | Hoteli |
|---|---|---|---|
| Wiki za chini kabla ya tukio | 12 | 10, zikiwemo 3–4 za manunuzi | 5 |
| Saa za watu wa ofisini | 200 na zaidi | 50–60 | 70–90 |
| Walipwaji kwa mhasibu | 10 | 1–2 | 9 |
| Muda unapopotelea | vikao na malipo | mkataba na maamuzi yenu | vitu vilivyo nje ya kifurushi |
| Mabadiliko ya wiki ya mwisho | rahisi, mkijilaumu wenyewe | yanawezekana, kwa bei | magumu |
| Inafaa zaidi | chini ya watu 100, utamaduni wa ofisi ukiwa ndiyo sherehe | jukwaa kubwa, wageni wa nje, vyombo vya habari | mkutano, semina, mlo usio na mambo mengi |

Mahali pa kuweka kumbukumbu

Swali la pili linalofuata ni chombo: WhatsApp, Excel, au programu ya miradi kama Trello?

Kundi la WhatsApp litaundwa upende usipende, na linafaa kwa matangazo, picha za ukumbi na "nimefika getini". Kwa maamuzi ni hatari. Bei iliyokubaliwa Jumanne inafunikwa na salamu za asubuhi na picha za mtoto wa mjumbe, na Ijumaa watu wawili wanakumbuka bei mbili tofauti. Trello na ndugu zake ni nzuri kwa mratibu anayeendesha matukio kumi kwa pamoja. Kwa kamati inayoundwa mara moja kwa mwaka, wiki mbili zitaishia kufundishana kuitumia, na wajumbe wakubwa hawatafungua hata mara moja.

Jedwali moja la Excel lililowekwa mtandaoni, kila mtu akiliona kwenye simu, linatosha kwa njia zote tatu. Safu ziwe tano: kazi, mwenye kazi (jina moja, kamwe si "kamati"), tarehe ya mwisho, hali yake, na safu ya tano inayoandikwa inasubiri nani. Hiyo ya tano ndiyo utakayoisoma kila asubuhi. Ukiona jina la mkurugenzi wa fedha limejitokeza mara sita, huhitaji kikao cha kamati. Unahitaji dakika 20 ofisini kwake na karatasi zote sita mkononi.

Na kila saa iandikwe pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Barua pepe inayosema 8:00 kwa fundi wa vyombo na saa 8 kwa mpishi imekwisha kuleta vyombo mchana na chakula asubuhi.

Siku yenyewe: dakika zinakokwenda

Njia tatu hizi zinatofautiana sana pia siku ya tukio, na hapa ndipo tunapoona watu wakiponzwa na hesabu ambazo zingefanyika kwenye kipande cha karatasi.

Mapokezi kwanza. Ni Ijumaa, sala inatoka kama saa 7:15 hadi 7:30 mchana, foleni ya kutoka Posta inajulikana. Ukisema mkutano unaanza saa 8:00 mchana, watu 160 kati ya 240 watafika ndani ya dakika 25 za mwisho. Kama kila mmoja anatafutwa jina kwenye orodha, anasaini na kupewa kitambulisho, ni sekunde 45. Jumla ni dakika 120 za kazi ndani ya dakika 25, yaani unahitaji watu 5 mezani. Vitambulisho vikipangwa mezani kwa herufi, hakuna kusaini, mtu anachukua chake kwa sekunde 15: watu 2 wanatosha. Kamati hupanga watu wa mapokezi kwa urahisi kwa kuwa wanawajua wageni kwa sura. Hoteli haitoi watu wa mapokezi ya wageni wako. Wakiombwa, ni gharama ya ziada. Na kwa Ijumaa, andika saa 8:30 na uanze saa 8:30.

Chakula ndicho kinachoharibu jioni nyingi. Meza moja ya bufee yenye pande mbili, kila upande ukipitisha mtu mmoja kwa sekunde 25, inawahudumia watu 240 kwa dakika 50. Wa mwisho anapata sahani wakati wa kwanza ameshaomba gari. Meza mbili za pande mbili ni dakika 25. Tofauti hiyo ni ya wahudumu wachache na vyombo vya kupashia moto, na ukiiomba wiki ya mkataba hoteli inakubali. Ukiiomba siku yenyewe, vyombo viko ukumbi wa jirani. Weka saladi na mkate mwanzo, nyama mwisho, na mhudumu agawe nyama mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo mstari husimama.

Tuzo 20 huwekewa dakika 15 kwenye ratiba. Jina lisomwe, mtu ainuke meza ya nyuma, avuke ukumbi, apeane mkono, apigwe picha: dakika moja na nusu, mara 20 ni nusu saa. Wapokeaji wakikalishwa mbele kabla, na jina linalofuata likisomwa wakati wa picha ya aliyetangulia, inashuka hadi sekunde 45, na dakika zako 15 zinatosha. Mwambie mshereheshaji wiki moja kabla. Usimwambie akiwa na kipaza sauti mkononi.

Mgeni rasmi anapochelewa, ratiba iliyopangwa kama msururu mmoja husimama yote. Panga vipande vinavyohamishika. Taarifa za idara, video ya mwaka na burudani ya wafanyakazi visimtegemee. Hotuba, tuzo kuu na picha ya pamoja ndivyo vimsubiri. Ofisi yake itaomba maelezo mafupi ya kampuni na dondoo za hotuba. Zipeleke pamoja na barua, usingoje ziombwe, na uwe na mbadala wake aliyekwisha kukubali, kwa kawaida mjumbe wa bodi. Mratibu mwenye uzoefu wa itifaki anakuzidi hapa kwa mbali. Hoteli haihusiki.

Halafu kuna ile saa ya katikati, mkutano umekwisha na chakula hakijaanza. Ukumbi uliopangwa viti vya safu lazima ugeuke kuwa meza 24 za watu 10. Kwa wahudumu wachache hiyo ni saa moja na nusu au zaidi, na watu 240 wamesimama nje. Kuna njia mbili za kuikwepa. Ya kwanza, meza za duara tangu asubuhi; ukumbi uwe mkubwa kidogo zaidi na wengine wageuze viti. Ya pili, ukumbi wa pili, ambao hoteli inao na ukumbi wa kukodi mara nyingi hauna. Bustani ni nzuri kwa macho, lakini mvua za vuli zinaweza kufika Desemba, kwa hiyo hema liwe tayari na si la "tutaona". Pumziko lenyewe lipangwe lijumuishe magharibi, inayoingia Dar kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni kipindi hicho, na chumba cha kuswalia kionyeshwe kwa kibao.

Basi uchague ipi?

Hesabu wiki zilizobaki na uwe mkweli. Zikiwa chini ya 6, chukua hoteli, punguza mambo: ondoa fulana, ondoa bendi, tuzo ziwe 10. Kujaribu kufanya tukio la wiki 12 kwa wiki 5 ndiko kunakowalaza watu ofisini.

Zikiwa 6 hadi 10, mchanganyiko unashinda zote, na kwa mfano wetu wa watu 240 ndio tunaoupendekeza hata muda ukiwepo. Hoteli ichukue ukumbi, chakula na viti. Kampuni moja ya jukwaa ichukue jukwaa, sauti, taa na picha kwa mkataba mmoja, si minne. Kamati ya watu watatu ibaki na wageni, ratiba na tuzo, yaani yale yanayohitaji kuwajua watu. Walipwaji wanabaki kama saba, na manunuzi ya kampuni ya jukwaa ni mepesi kuliko ya mratibu kamili.

Zikiwa 12 au zaidi na tukio lina waandishi wa habari, wateja wakubwa au wageni wa nje ya nchi, mratibu analipa ada yake mwenyewe, mradi mtu mwenye neno la mwisho ametajwa. Tukio la watu 60 la ndani ya idara, kamati ya watu wanne inatosha hata kwa wiki 6.

Katika mchanganyiko, pengo la muda liko mahali pamoja: kati ya hoteli na wenye jukwaa. "Ukumbi ni wenu Ijumaa yote" unaweza kumaanisha kuanzia saa 12 asubuhi, au baada ya harusi ya Alhamisi kuisha saa 6 usiku na wafagizi kumaliza saa 8 usiku. Jukwaa na taa ni saa 5 hadi 6, vyombo vya sauti saa 3, majaribio na mshereheshaji saa 1, na yote yawe yamekwisha saa 6:30 mchana kabla mafundi Waislamu hawajaelekea msikitini. Kwa hiyo mkataba wa hoteli utaje saa ya kuingia mafundi, lango la kupitishia mizigo, soketi kubwa ya umeme iko wapi na jenereta inawaka baada ya sekunde ngapi, pamoja na jina na simu ya mtu wa zamu usiku huo. Meneja wa mauzo aliyesaini nawe atakuwa amelala.